Mchanga Mgongoni

Miaka miwili tulimwita mkorofi.
Nikikaza mkanda wa tandiko, masikio yanalala nyuma,
meno hewani, mguu unalitafuta goti langu.
Tomma akipanda, Fenja anajikunja, anaruka,
na binti yangu anaupima uwanja kwa kiwiko.
Mimi nikasema: fimbo.
Mimi, Hinrich Ubben, dereva wa lori la maziwa,
niliyesikia gia ikilia kabla haijavunjika,
sikusikia.

Daktari alikuja siku ya mvua,
mvua yetu ya Krummhörn, isiyoshuka bali hupita ubavuubavu
ikitoka baharini.
Mwanamke mfupi, Swantje Eilers. Hakusema neno.
Vidole vyake vikatembea juu ya uti wa mgongo,
pingili kwa pingili,
kama mtu anayetafuta swichi gizani.
Akafika mahali.
Ngozi ikatetemeka, farasi akadidimia
chini ya kidole kimoja.
Kidole kimoja! Na sisi tulimwekea mtu mzima,
na tandiko, na hasira yangu.

Kwenye eksirei niliiona miiba ya mifupa
iliyopaswa kusimama kama vigingi vya ua, kila kimoja na nafasi yake.
Imeegemeana. Imesagana mpaka ncha zimekuwa nyeupe.
"Tunasema inabusiana," alisema daktari.
Nikatoka nje.
Busu gani hilo, la kumtoa mnyama meno?

Walimpasua akiwa wima, amelewa dawa,
kidevu juu ya stuli kama mlevi wa harusini.
Wakakata kano fupi zilizobana, wakashona, wakanirudishia
farasi na karatasi ya maagizo.
Tomma alikwisha kwenda Bremen, chuoni.
Karatasi ikawa yangu.

Wiki sita za kutembea kwa kamba.
Karoti katikati ya miguu ya mbele, ainame.
Karoti kwenye nyonga, ajipinde:
kushoto alifika, kulia alighairi, akanitazama
kana kwamba mimi ndiye niliyeihamisha nyonga.
Kucha zangu chini ya kifua chake, taratibu,
mpaka tumbo lipande na mgongo uinuke
kama mkate unaoumuka.
Kisha fito sita chini, avuke.
Siku ya kwanza aligonga zote sita.

Wapo wasemao punda afe, mzigo ufike.
Huku mzigo wenyewe ndio ulioambiwa shuka,
tembea kando, beba karoti.

Jirani yangu Habbo aliegemea lango
akauliza kilo ya farasi inauzwaje siku hizi.
Sikumjibu. Usiku nilipiga hesabu ya deni la daktari
na nikajikuta, Mungu anisamehe, nazidisha.

Novemba barafu ilikaza ardhi, akateleza.
Siku tatu hakutaka kuguswa hata kwa brashi.
Nilimpigia Swantje simu, sauti imenikauka.
"Rudi nyuma wiki mbili," akasema, akakata.
Nikarudi. Wiki mbili zikawa tano.

Machi alikwenda matiti kwa kamba ndefu,
shingo chini, pua ikinusa vumbi, mkia umelegea,
ukipepea kulia, kushoto,
mkia ambao miaka yote aliubana kama mlango.
Tomma alipiga simu: "Baba, atapandika?"
Nikasema sijui.
Nikasema pia, na hili lilinichukua muda,
kwamba ile fimbo niliitia motoni.

Na jana, baada ya zoezi, nilimfungua.
Akazunguka, akakwangua mchanga kwa kwato,
akakunja magoti, akalala ubavu.
Hapo ndipo alipozoea kukomea: upande mmoja, kisha anaamka,
kisha upande wa pili, kama anayekunja shuka peke yake.
Jana alirusha miguu minne mbinguni
akapinduka.
Uti wote juu ya ardhi, huku na huku,
akiguna kama mzee aliyevua viatu.

Alipoinuka, mchanga ulimjaa mgongoni.
Brashi nilikuwa nayo mkononi.
Sikuufuta.