Fomu ya Hitilafu

Wamenipigia saa nne usiku:
Kondo, shuka chemba ya Mabibo, mji mzima hauna mtandao.
Nikabeba mashine, taa ya kichwani, spiriti ya kusafishia kioo,
nikainua mfuniko kwa nondo.
Mende wakatawanyika kama wanafunzi walioona kivuli cha mwalimu.
Maji yalinifika magotini, na hayakuwa ya mvua ya leo.

Nyuzi ni kumi na mbili katika kila mrija,
nazijua kama mtoto wa chuoni ajuavyo alifu na be:
bluu, chungwa, kijani, kahawia,
kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi,
njano, zambarau, waridi,
na ule wa mwisho tunaouita wa maji
kwa sababu hatujawahi kukubaliana rangi yake.
Uzi mmoja, mwembamba kuliko unywele,
hupitisha vikao vya harusi vya Tabata nzima,
matokeo ya mitihani, risiti za Kariakoo,
matusi ya mashabiki, na sauti ya binti wa jirani yangu
anayefanya kazi za ndani Maskati.

Nikachomeka kipimo.
Kikasoma hasi kumi na tisa.
Kwa wasiojua: hiyo ni afya.
Nikapima wa pili, wa tatu, nikapima hadi ule wa maji.
Mwanga upo.
Upo wote, unakimbia kwenye kioo, haujajeruhiwa popote,
unafika mlangoni na kukuta kufuli.

Simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa kampuni, kwa wote:
*Ndugu mteja, tunaomba radhi,
kuna hitilafu ya kiufundi.
Tunathamini muda wako.*

Ya kiufundi.
Fundi ni mimi.
Mimi niko humu chini, maji magotini, na hitilafu siioni.

Nikampigia msimamizi. Muziki. Bonyeza moja. Muziki.
Hata mimi, mwenye kitambulisho chao shingoni,
niliambiwa simu yangu ni muhimu sana kwao.
Alipopokea akasema kwa sauti ya mtu anayesikilizwa:
Jaza fomu tu, Kondo. Usiongeze maneno.

Saa sita ikapita nikiwa shimoni.
Nikawaza bando za watu zinazokufa saa hiyo,
zimelipiwa, hazijaliwa,
na hakuna anayeziandalia hata matanga.
Nikakata uzi wa zambarau, nikausafisha, nikauunga upya,
ulikuwa mzima,
ila nilione haya kutoka na mikono misafi.

Fomu ina visanduku. Chanzo cha tatizo:
mvua;
panya;
tingatinga la barabara;
wezi wa shaba (hawa hukata, wakakuta kioo, wakatutukania mama zetu).
Kisanduku cha mkono ulioshika swichi hakipo.
Cha ghorofa lenye kiyoyozi, hakipo.
Kuna *Mengineyo*, na mbele yake nukta nukta,
urefu wa kidole.
Nikaandika: Mwanga upo.
Nikatia sahihi, na saa, na namba ya chemba,
kalamu ikachana karatasi kwa unyevu.

Alfajiri nimemkuta Bi Mwamtoro barazani,
simu kaifunga kwenye pindo la kanga kama hela ya sadaka.
Siku ya tatu leo hajasikia sauti ya mwanawe.
Umetengeneza?
Uzi ni mzima, bibi.
Akanitazama kuanzia magotini kushuka, tope limekauka,
kisha akaifungua simu, akaibonyeza, akaiweka sikioni
kama mtu anayesikiliza kama mtungi umepasuka.
Sasa mbona hausemi?

Nilimwomba maji ya kunawia miguu.
Akaniletea, na ndimu, na hakuniuliza tena.
Ndiyo iliyoniuma.