Mililita Tatu

Muuguzi Wepukhulu hakuileta kwenye sanduku.
Ameifumbata kama yai lililotagwa sasa hivi:
mililita tatu za damu, mtoto wa wodi ya pili,
homa siku ya sita, malaria hana,
mama ameshuka Bududa usiku, matope hadi magotini.
"Nimetafuta mshipa mara nne," anasema. "Usimwage."

Simwagi. Nagawa.

Moja na nusu kwenye chupa iliyopanda ndege,
lebo ya rangi ya chungwa, na vishanga chini
vya kufyonza dawa ambayo mama alinunua dukani,
vidonge vitano vilivyofungwa kwa karatasi ya daftari,
kabla hajatufikia sisi.

Moja na nusu kwenye chupa yangu,
iliyooshwa, ikapigwa mvuke, ikajazwa supu
niliyopika Jumatatu humu humu Mbale:
unga wa moyo na ubongo wa ng'ombe, chumvi, sukari kidogo,
na kitu cha kuzuia damu isigande.
Mama yangu alinikuta nakoroga,
akachungulia sufuria, akauliza:
malewa yako wapi? Karanga je?

Damu ni nzito kuliko maji, husema watu.
Hakuna aliyewahi kuipima na supu.
Ndiyo kazi ya daftari hili, jalada limetoka,
safu ya A, safu ya B,
watoto mia tatu na kumi na wawili hadi jana.

A ina mashine. Mdudu akipumua ndani, taa huwaka,
mara nyingi kabla jogoo wa mlinzi hajawika.
A ina bei pia, na meli, na forodha,
na ile miezi miwili ya mwaka jana rafu ilipokuwa wazi
tukawa tunatibu kwa kukisia.
B haina taa. B naiinua dirishani,
damu ikishatulia chini, natazama Wanale kupitia juu yake.
Mlima ukionekana, bado.
Mlima ukiingia ukungu, kuna mtu ndani.

Juzi umeme ulikatika saa saba.
A zikalala kwenye mashine yao ya kifahari.
B nne nikazitia chini ya sweta, tumboni,
nikakaa hivyo hadi jenereta ilipokohoa.
Nililiandika na hilo. Daftari halitaki siri.

Lakini kuna jambo lisilo na safu:
damu nyingi hujibu, damu chache hubabaisha.
Ningemimina zote tatu kwenye chupa moja,
yoyote ile, ningempa mtoto huyu nafasi zaidi.
Huenda wadudu ni wawili tu katika mirija yote hii,
na wote wawili wamepanda upande mmoja
kama abiria wanaofahamiana.
Kamati ilijua. Mama alieleweshwa, akaweka dole gumba.
Mimi ndiye ninayeshika sindano.

Usiku wa pili, saa tisa. A kimya.
Nainua B kwenye taa, maana mlima umelala.
Ukungu.
Nikasema ni uchafu, mdudu wa ngozi, mkono wangu mwenyewe.
Tone kwenye kioo, moto, zambarau, maji, nyekundu.
Hadubini: vijiti vya waridi, vingi,
vimetawanyika kama njiti za kiberiti kilichoanguka.
Hawa si wa ngozi.

Je, supu yangu imeshinda? Haijashinda kitu.
Mtoto mmoja si hesabu; wiki iliyopita A iliona watatu
ambao B iliwapita kama hawajui.
Naandika kistari hapa, alama pale,
napiga simu wodini.

Wepukhulu haulizi ni chupa gani.
Anauliza dawa gani.
Namwambia, wa jamii gani najua, dawa nitajua kesho,
anzeni na ile ya sindano.
Nyuma yake mtoto analia, kilio kikavu, cha hasira,
na mama anasema kitu kwa Kigisu, polepole,
simu ikiwa bado haijakatwa.