Kizimba Namba Kumi na Nne

Jumatatu Taisto alinunua mashine ya kuchapa lebo,
ndogo, kimo cha kopo la kahawa,
na kufikia Ijumaa kila kitu chetu
kilikuwa kimevaa msimbo wa QR kifuani
kama mkimbiaji anayesubiri filimbi.

"Tazama," akasema, akaelekeza simu.
Ti.
Sanduku la tatu:
glavu za sufu, jozi nne na moja pweke;
taa za Krismasi, mbili haziwaki;
viatu vya barafu vya Pirkko, saizi thelathini na moja.
Pirkko ana miaka arobaini na sita.
Yuko Oulu, na miguu yake ya sasa
haijaandikwa popote.

Miaka thelathini na minne katika stoo ya kiwanda cha karatasi
Taisto hakupoteza hata nati.
Kiwanda kilipofungwa walimpa saa ya ukutani.
Nayo akaibandika.

Tukateremsha vyote chini ya jengo,
kwenye kizimba chetu cha waya,
kati ya skii za Hietala na kigari cha mtoto
ambacho hakuna ajuaye ni cha nani.
Nikamtania: nibandike na mimi,
usije ukasahau umeniweka rafu gani.
Hakucheka. Alikuwa anakandamiza mraba
kwa kidole gumba, mpaka kona ikalala.

Februari bomba likapasuka.
Nje baridi digrii ishirini na nane chini ya sifuri,
Varkaus nzima imejikunyata,
na huko chini maji ya moto yakimwagika siku tatu
bila shahidi.

Maboksi yalikuwa uji.
Vibandiko, la. Vilikuwa vya plastiki bora,
alilipia zaidi kwa ajili hiyo.
Taisto akaingia na mabuti ya mpira,
simu juu, kama mtu anayevuka mto na mtoto begani.
Ti. Mazulia mawili.
Ti. Pazia la sauna, ndoo, kata ya shaba.
Ti. Sanduku la tisa: barua za mama,
1961 hadi 1974, mia mbili na kumi na moja.
Akatia mikono kuliinua.
Likabaki majini. Mikononi akatoka na kifuniko,
na simu mfukoni ikiwa imekwisha kulia
kwa furaha yake ileile.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Yetu ilikuwa na daftari.
Ilipotea na habari zake zote, mstari kwa mstari,
nasi tukasimama pale tukizisoma.

Mama wa bima alifurahi mno.
"Laiti kila mteja angekuwa hivi!"
Alilipa kwa siku kumi na mbili.
Mazulia, euro mia moja na themanini.
Barua: karatasi iliyotumika, sifuri.

Kibandiko cha tisa Taisto alikileta juu.
Kiko ndani ya mlango wa kabati la sukari.
Kila asubuhi, birika likianza kunung'unika,
anakiskani. Ti. Mia mbili na kumi na moja.
Anafunga mlango.

Sasa niseme nisilowahi kumwambia:
yeye alizihesabu. Mimi nilizisoma.
Majira ya baridi mawili, yeye akiwa zamu ya usiku,
mwandiko wa mkwe ukinielemea kama dada mkubwa.

Juzi nikafungua orodha, nikagusa *hariri*,
nikaandika chini ya namba tisa nilichokumbuka:
Mansikki amezaa usiku, ndama ana doa jicho la kushoto.
Siagi imepanda tena.
Baba yako hasemi, lakini ameupaka rangi mlango.
Ukija, njoo na soksi.

Leo asubuhi. Ti.
Birika likachemka, likafurika, likazima jiko.
Taisto bado amesimama, miwani puani,
kidole kikipanda na kushuka kiooni.

"Soksi gani?" akauliza hatimaye.

Za kijivu, nikasema.
Hukuzileta.