Kibonyeo

Sinunui bunduki isiyo na mwenyewe.
Miaka thelathini na mmoja nilikuwa karani wa ardhi, Winterthur;
najua kiwanja bila hati ni nyasi,
na chuma bila jina ni chuma.
Wenzangu huchungulia mtutu kwa kurunzi,
huipima kutu kwa ncha ya ukucha.
Mimi naomba karatasi kwanza.
Mali bila daftari huisha bila habari,
na habari ndiyo ninayoikusanya;
bunduki ni mfuko wake tu.

Hii niliipata mnadani Thun,
kati ya panga la mpiga tarumbeta
na kreti ya kofia za chuma.
Kabini ya mwaka thelathini na tatu.
Orodha ilisema: *Hali njema. Kasoro: kibonyeo kitakoni.
Faranga hamsini zimepunguzwa.*
Hakuna aliyepandisha bei juu yangu.

Usiku nililegeza parafujo mbili.
Bamba la kitako likatoka na mchanga kidogo,
na chini yake, imekunjwa mara nne,
karatasi ya rangi ya ganda la kitunguu:
*Zopfi Kaspar, 1912, mchonga sleti, Engi.*
Penseli ya zambarau, ile ya kuloweshwa kwa ulimi.
Nilikaa sakafuni.
Ulimi wa mtu huyu ulikuwa mbele yangu.

Treni, kisha basi, kisha bonde linalobana kama mkono wa koti.
Binti yake, Regula, miaka themanini na mitatu,
alinitolea bati la biskuti:
kijitabu cha jeshi, mihuri imejaa,
siku mia nane na kumi na mbili mpakani.
Nikauliza lile swali ambalo huuliza nikitazama viatu:
alimpiga nani?
"Theluji," alisema. "Na karatasi zenye miviringo, kila Agosti.
Na jirani yetu Hämmerli, ila huyo kwa maneno."

Nikaitoa kabini mkobani.
Mtutu hakuutazama.
Kidole gumba chake kilikwenda moja kwa moja kibonyeoni,
kama mtu anayetafuta swichi ya taa
katika giza la nyumba yake.

"Krismasi ya arobaini na saba. Nyundo ilikuwa machimboni.
Shangazi wa Mollis ametuletea jozi, kilo mbili,
na mimi nina miaka sita, sina subira."
Kitako cha mjozi, kikavunja jozi:
mama akigongana na wanawe.
"Baba akaingia kutoka zizini.
Nikajikunyata.
Akakaa, akala moja, akala ya pili.
Akasema: zilizobaki zipasue polepole,
Machi kuna ukaguzi."

Nikafungua kijitabu, Machi, arobaini na nane.
Mwandiko wa afisa, umesimama kama uzio:
*Kibonyeo. Uzembe. Faini faranga nne.
Sababu: askari hakueleza.*

Miaka yote nimeamini mhuri.
Nimewafuta shangazi na wajomba wa watu
kwa kuwa hawakuwa na tarehe.
Na huyu bwana amelipa faranga nne
(bei ya mikate mingapi wakati ule, sijui)
ili jina la mtoto lisiingie kwenye kitabu cha serikali.
Je, mimi ndiye nimwandike?

Nilimwambia aichukue, bila malipo.
Akacheka hadi akashika meza.
"Niiweke wapi? Nyundo ninayo sasa."

Akanifungia jozi kwenye gazeti.
Basi la saa kumi lilikuwa limeondoka.
Nikakaa kituoni, daftari pajani halijaandikwa kitu,
kabini imeegemea goti langu,
ukungu ukishuka kutoka machimboni.
Nilikuwa na njaa,
na sikuwa na nyundo.