Themanini kwa Ishirini

Wasemao ajali haina kinga
hawajakutana na Bwana Kuramochi wa bima,
aliyefika hospitali ya Iwamizawa
theluji ikiwa bado mabegani,
akanipa kadi yake kwa mikono miwili, akasema:
"Pole. Usiahidi kitu, usitie saini kitu.
Kuanzia sasa maneno ni kazi yangu."

Mimi maneno nilikuwa nayo mawili tu,
na yote mawili yalitaka kupanda ghorofa ya tatu
kwa Bi Tsukuda, miaka sabini na mmoja, nyonga imevunjika,
ambaye kabichi lake lilibingirika barabarani
likatua mbele ya tairi langu
zima, halina hata mkwaruzo.

Siku ya tisa alirudi na kitabu.
Kinene, chenye michoro:
mtu ni duara dogo, gari ni mstatili mtupu,
mshale ndio majaliwa.
Humo kila ajali imeshatokea, ina namba yake.
Akapitisha kidole kama atafutaye treni ya jioni:
usiku, ongeza tano; mzee, punguza tano.
"Alivukia nje ya kivuko, hatua nne.
Wewe themanini. Yeye ishirini."

Kivuko kipi? Januari ile mistari ililala
chini ya theluji iliyofika magotini.

Heri nusu shari, husemwa, kuliko shari kamili.
Lakini nani alikaa na mizani akaikata shari vipande,
akamfungia kila mtu chake?
Katika siku tano za maumivu
moja ni yake mwenyewe?
Katika ngazi kumi asizoweza kushuka
mbili alijijengea?

Binti yake, Chizuru, alikataa.
Barua yake ilikuwa fupi:
Mama haombi nyongeza.
Anataka kuonyeshwa alipokosea.

Kuramochi aliipenda kamera yangu, ile ndogo ya kwenye kioo.
Tuliitazama mara tatu: theluji, taa,
koti la zambarau, breki.
"Ushahidi safi," akasema.

Kamera hutazama mbele.
Haikuniona nilivyoinama
kuokota kopo la kahawa
lililojiviringishia chini ya kanyagio.
Sekunde moja.
Moja na nusu.
Nilikitafuta kile kitabu ukurasa kwa ukurasa alipokwenda msalani;
sekunde hiyo haina mchoro.

Aprili, barabara ilipojivua,
nilikwenda alfajiri na futi ya fundi.
Mistari ilikuwa imechubuka, lakini ipo.
Nikapima kutoka lile doa la mafuta.
Hatua nne, kweli. Kuramochi hakudanganya.
Nikasimama na ukweli wake mkononi, futi imekunjuka,
na haukunisaidia chochote.
Lori la maziwa likanipigia honi.

Nilipiga simu saa tatu.
"Ile ishirini," nikamwambia, "naitaka mimi."

Kimya. Kisha kikombe kikawekwa mezani.
"Bwana Hatakeda, miaka ishirini na sita nipo kazini.
Wateja huniomba niwapunguzie."

"Kulikuwa na kopo."

Akanikumbusha kwamba daraja langu la bima
litashuka mara tatu kwa vyovyote vile,
kwamba kampuni ina wakubwa, na wakubwa wana maswali,
kwamba maneno yakishaingia kwenye faili
hayazoleki, kama maji.

"Najua."

"Kopo la nini?"

"Kahawa. Ya maziwa."

Akanyamaza tena, na katika ule unyamavu
nikasikia kalamu ikikwaruza karatasi.
Huenda aliandika.
Mimi nilisikia akichora:
ndani ya mstatili, kwa mara ya kwanza,
mtu mdogo, ameinama.