Ijumaa, Ukumbi wa Chini ya Kanisa

Hapa Vardø jua liliaga Novemba,
likatuachia mchana wa saa mbili, rangi ya maziwa yaliyochacha,
kisha usiku, na usiku, mpaka Januari ichoke.
Saa kumi na mbili jioni nawasha taa za ukumbi,
napanga viti kumi na vinne kwa duara,
naweka karatasi ya kijani juu ya kila kiti:
Mungu alikuwa wapi katika wiki yako?
Swali hilo nililipiga pasi kama shati la Pasaka.

Wanakuja saba.
Wanavua buti, kofia za makoti hawavui.
Sindre amelala macho wazi.
Ingvild anatafuna mdomo wake, kidonda kilekile cha Jumatatu.
Simu ya Jorunn inawaka mapajani,
na kila inapowaka, uso wake unazima.

Nauliza swali langu.
Friji inajibu.
Mtu anataka kujua kama kuna waya wa chaji.

Chuoni walitufundisha: samaki mkunje angali mbichi.
Mimi nilikaa miaka kumi na mmoja kiwandani,
kisu mkononi, glavu zimeganda,
na ninachokijua ni hiki:
samaki mbichi naye ana miiba.

Basi tukala. Keki bapa zenye umbo la mioyo mitano,
jibini ya kahawia, jamu ya matunda ya tundrani.
Karatasi za kijani zikafuta siagi vidoleni.

Aslak, ambaye tangu kipaimara
hajanipa neno zaidi ya "ndiyo",
akasimama na sahani yake: "Nioshe?"

Tukageukia sinki, migongo yetu ukumbini.
Yeye anasugua, mimi nakausha.
Hakuniangalia. Aliongea na bomba.
"Usiku huwa nakwenda gatini. Nahesabu."
"Unahesabu nini?"
"Sababu."
Maji yalikuwa ya moto mno. Hatukuyapunguza.
"Zimebaki ngapi?"
"Inategemea siku."

Mstari wa Maandiko nilikuwa nao, umekaa tayari ulimini.
Nikaumeza.
Nikamuuliza wazi, kwa neno lake lenyewe, kama anataka kufa.
Sahani haikuanguka.
"Leo hapana," akasema. "Jumanne, ndiyo."

Nikamwambia nimefurahi hakwenda na Jumanne.
Nikamwambia usiku huu tutampigia mama yake, wawili sisi,
kisha namba ya dharura,
na asubuhi tutagonga mlango wa muuguzi wa shule.
Akatulia, povu mpaka kwenye viwiko.
Akanipa sahani nyingine.

Ndipo nikamkumbuka Yule
aliyejifunga kitambaa kiunoni,
akamimina maji ndani ya beseni.
Miaka yote nimehubiri miguu ile,
sikuwahi kuwaza kwamba huenda mmoja wao,
kwa kuwa Bwana ameinama, haangaliki machoni,
alipata upenyo wa kusema lililomkaa kooni.

Mama yake alifika na koti juu ya nguo za kulalia.
Hakusema kitu. Alimshika mtoto sikio,
kama mtu anayepima joto la mkate.

Sasa viti havikai tena kwa duara.
Jorunn husugua masufuria, Ingvild hupanga vikombe,
na mimi hupika kwa sufuria nyingi kuliko inavyohitajika.
Aslak ana siku zake. Nyingine mbaya.
Huja hata hizo.

Baraza la kanisa limepata fedha
za mashine ya kuosha vyombo.
Nimewaandikia barua ya shukrani,
na kuwaomba, kwa unyenyekevu wote,
wanunue sahani.