Kichwa Hakimo Kwenye Menyu

Mgahawa umefunguliwa Capri Point juzijuzi,
vioo kuanzia sakafuni hadi darini,
taa zinaning'inia kama vibuyu,
na mawe ya ziwa, yale yale tunayoanikia nguo,
yamesuguliwa, yamepakwa mafuta, kila moja na taa yake.

Mama amevaa viatu vya harusi ya Nkwimba.
Amekalia ukingo wa kiti
kama mtu aliyeitwa kwa meneja.

Menyu nzito, jalada la ngozi.
"Ng'ombe mwenyewe hana ngozi nene hivi."
Kisha anasoma bei, kimya, kwa kidole,
na kidole kinasimama.
Huu ni mshahara wangu wa kwanza, namwambia. Agiza.
"Kwa bei hii, Magu napata mguu mzima."
Agiza, Mama.

Mhudumu anaitwa Lushinge. Tai nyeusi, mikono nyuma.
Anatueleza steki: ya kuiva, ya nusu kuiva, ya damu.
"Ya damu wanakula watu gani?"
Wageni.
"Na wewe?"
Lushinge anacheka kwa pua.
Anatueleza kamba, wamefika jana kwa ndege kutoka Dar
("Wamepanda ndege kabla yangu," anasema Mama),
anatueleza minofu ya sangara, laini, haina mwiba,
inayeyuka yenyewe mdomoni.

Haina mwiba.
Miaka kumi na tisa Mama aliitoa ile miiba.
Zamu ya usiku, kiwandani, buti nyeupe,
kofia ya wavu, maji ya barafu hadi viwikoni,
kisu kinaingia nyuma ya pezi, kinateleza juu ya uti,
pande hili Ulaya, pande hili Ulaya,
bondo pembeni, kwa wenye bondo lao,
na kilichobaki, mifupa na macho,
kinashuka kwenye matenga ya wanawake wa mapanki.
Nimesomeshwa kwa mapanki.
Mpaka darasa la tano nilidhani
samaki huzaliwa hana ubavu.

"Nataka kichwa," anasema Mama.

Kichwa hakimo kwenye menyu.

"Najua, nimesoma. Lakini samaki alikuja nacho."

Lushinge ananitazama mimi. Mimi natazama chumvi.
Anakwenda jikoni, mlango unapepea, anarudi
amevua ile sauti ya kazini:
Mama, vichwa vipo. Ila ndiyo chakula chetu sisi,
saa sita, tukishafunga.

Mama anafikiri kama anayehesabu chenji.
"Mko wangapi?"
Saba.
"Vichwa?"
Vitatu.

Basi ikawa hivi, wala sijui nani aliamua:
kikaja kichwa kimoja, sahani pana kama beseni,
mchuzi wa nyanya na ndimu, bila jani la mapambo;
na steki yangu, gramu mia tatu, ya kuiva,
niliyoiota wiki nzima,
Mama akaivuta upande wake, akaikata vipande saba,
sawa kwa sawa, bila kupima,
ikarudi jikoni imefunikwa kitambaa cha meza.

Wa meza ya jirani waliacha kula.
Mama alifyonza jicho la kwanza. Ilisikika hadi mlangoni.
Akavunja shavu, akaninyooshea ile nyama,
laini, ndogo, ambayo kiwanda hakikuwahi kuiulizia,
kwa vidole vilivyopindishwa na baridi
ambavyo siku zote huwa ananificha.

Bili: steki moja, maji mawili, kodi.
Kichwa hakikuandikwa.

Kwenye bajaji sikusema kitu.
Yeye alikuwa anachokonoa meno,
anaangalia taa za wavua dagaa kule mbali.
"Kile kisu chao," alisema tulipofika Mabatini,
"kina meno, makali hakina.
Kesho nitafutie namba ya yule kijana.
Nitawanolea."